Kabla Liemba haijatia nanga: kujaribu dawa na chanjo katikati ya mlipuko

Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kilifurika makumi ya maelfu ya wakimbizi. Barabara ya gari haikuwepo, njia ya kutoka ilikuwa maji tu. Meli ya MV Liemba ikawa inasomba watu takribani 600 kwa safari hadi Kigoma mjini. Wakitoka gatini walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi hadi Nyarugusu, Kasulu. Kipindupindu kikaingia katikati ya safari hiyo. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa wamefika maelfu na waliokufa walizidi 30, karibu wote wakimbizi.

Sasa weka gati lile lile, foleni ile ile, kisha aje mtu na boksi la chanjo ambayo bado haijathibitishwa na rundo la fomu. Anaomba nusu ya watu wachanjwe leo, nusu nyingine baada ya wiki tatu, ili aone kama inafanya kazi. Akubaliwe? Wapo watakaosema hapana papo hapo: hawa wameonewa vya kutosha, waacheni wapumzike. Wapo watakaosema ndiyo papo hapo: watu wanakufa, taratibu zisubiri. Kwa maoni yangu wote wamewahi mno. Haki ya kufanya jaribio lile gatini inategemea kazi iliyofanyika, au isiyofanyika, miezi mingi kabla meli haijang'oa nanga.

Cha kwanza kuuliza ni kama kweli kuna kisichojulikana. Kwa tiba ya kipindupindu kinachojulikana ni kingi. Mgonjwa aliyepungukiwa maji vibaya, mwenye zaidi ya mwaka mmoja, anatundikiwa dripu ya Ringer's lactate mililita 100 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 3: mililita 30 kwa kilo nusu saa ya kwanza, 70 zilizobaki ndani ya saa 2 na nusu. Mtu wa kilo 60 anamaliza lita 6, yaani chupa 12 za nusu lita. Anayeweza kunywa anapewa ORS, maji ya chumvi na sukari ya kunywa. Kambi inayofanya hivi kwa uhakika hupoteza chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Mtafiti anayetaka kulinganisha dawa mpya na "huduma ya kawaida" mahali ambapo huduma ya kawaida ni chupa 2 kwa wagonjwa 5 anapima upungufu wa chupa tu. Akazilete chupa kwanza.

Chanjo ya kunywa ya kipindupindu ni habari nyingine. Ilithibitishwa kwa dozi mbili, zikiachana angalau siku 14. Mtu aliyeko safarini hakai siku 14 sehemu moja. Kuuliza kama dozi moja inatosha kuvuka mlipuko lilikuwa swali halali, na umuhimu wake ulionekana Oktoba 2022, akiba ya dunia ilipopungua hadi ikabidi nchi zenye milipuko zipewe dozi moja badala ya mbili.

Si kila kisichojulikana kinahitaji kupanga watu makundi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachanganya chumvi, sukari na magadi ya kuokea kwenye mapipa ya maji, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilishuka kutoka takribani 30 kati ya 100 hadi chini ya 4. Hakuwa na kundi la kulinganisha, na hakuna aliyelihitaji. Mabadiliko makubwa namna hiyo hata karani wa mlangoni anayaona.

Tatizo ni kwamba dawa nyingi hazina nguvu hiyo. Zinaokoa mtu mmoja zaidi kati ya kumi, au haziokoi kabisa, au zinaua mmoja zaidi, na kwa macho huwezi kutofautisha. Wakati wa Uviko plazima, yaani majimaji ya damu, ya waliopona iligawiwa kwa makumi ya maelfu ya wagonjwa Marekani nje ya jaribio linalolinganisha. Uingereza, jaribio la RECOVERY likawapanga kwa nasibu, kama kurusha shilingi, wagonjwa zaidi ya 11,000 na kuonyesha kuwa plazima haipunguzi vifo. Jaribio hilo hilo, Juni 2020, lilionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ambayo hata hospitali za wilaya huwa nayo, miligramu 6 kwa siku, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na kwa takribani moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kumpa mgonjwa dawa isiyojulikana bila kuandika wala kulinganisha nako ni kumjaribia dawa, ila matokeo yanatupwa.

Hapa hesabu inaingia kwenye maadili, na ndipo wengi hupaogopa. Chukua ugonjwa unaoua 50 kati ya 100 na dawa inayotarajiwa kushusha vifo hadi 35. Ili kuitambua tofauti hiyo kwa uhakika unaokubalika, kila kundi linahitaji wagonjwa wapatao 170. Makundi mawili, 340. Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilipoingia Bukoba mwaka 2023 wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6. Iliporudi Kagera, Biharamulo, Januari 2025, walikuwa 10 na hakupona hata mmoja. Milipuko yote miwili ukiijumlisha hupati hata sehemu ya kumi na tano ya idadi inayotakiwa. Jaribio lililoandikwa kwa ajili ya mkoa mmoja na mlipuko mmoja limekufa kabla halijaanza, lakini wagonjwa watakuwa wamechomwa sindano za ziada na kuvumilia maswali ya ziada. Swali lisiloweza kujibika ni mzigo wa bure kwa mgonjwa. Mimi naona hilo ni kosa la kimaadili zaidi hata ya fomu iliyokosewa tarehe.

Limewahi kutokea. Afrika Magharibi mwaka 2014 na 2015 Ebola ilipata zaidi ya watu 28,000, lakini majaribio mengi yalifunguliwa wagonjwa wakiwa wameanza kwisha. Lile la dawa iitwayo ZMapp lilipata wagonjwa 72 tu. Vifo vilikuwa 22 kwa mia kwa waliopewa dawa, 37 kwa mia kwa wasiopewa. Inaonekana nzuri, sivyo? Kwa idadi ile ilikuwa bado yaweza kuwa bahati. Miaka michache baadaye, Kivu ya Kaskazini na Ituri, Kongo, jaribio la PALM liliipima tena ZMapp pamoja na dawa nyingine tatu kwa wagonjwa 681, vita ikiendelea na vituo vikichomwa. Waliopewa ZMapp walikufa nusu yao. Waliopewa REGN-EB3 na mAb114 walikufa takribani theluthi moja. Agosti 2019 bodi huru inayochungulia takwimu jaribio likiendelea ilisema basi, na kuanzia hapo kila mgonjwa mpya akapewa moja ya zile mbili bora. Hakukuwa na kundi la kuachwa bila dawa. Kila kundi lilipata dawa mojawapo pamoja na dripu, chakula na uangalizi ule ule.

Njia hiyo ndiyo inayoweza kutetewa mbele ya mama anayesubiri nje ya uzio. Kwa chanjo ipo njia nyingine, ya mduara, iliyotumika Guinea mwaka 2015. Mgonjwa akithibitishwa, wanaorodheshwa wote waliotangamana naye na waliotangamana na hao. Mduara mzima unapangwa kwa nasibu: ama uchanjwe mara moja, ama baada ya siku 21. Siku 21 hazikuokotwa hewani, ndio muda mrefu zaidi ambao Ebola hujificha mwilini kabla ya dalili. Miduara iliyochanjwa mara moja haikupata mgonjwa yeyote kuanzia siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Julai 2015, matokeo ya awali yalipotoka, kusubirisha kukafutwa na wote wakachanjwa papo hapo. Anayeandika utafiti wa namna hii lazima aandike mapema, kwa tarakimu, ni matokeo gani yatamlazimisha kuacha kusubirisha watu. Akiliacha hilo "tutaona", ataona akiwa amechelewa.

Uganda imetoa somo zuri kuliko yote, tena kwa majirani. Septemba 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa. Chanjo za majaribio zilikuwepo katika maabara za nje, lakini andiko la utafiti, vibali, mikataba na majokofu vikaanza kushughulikiwa mlipuko ukiendelea. Dozi za kwanza zilitua Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa ameshatoka hospitali. Hakuna mduara uliochanjwa. Badala ya kufungasha virago, dozi zikabaki nchini, andiko likapitishwa, timu zikafunzwa. Ebola ya Sudan ilipotangazwa tena tarehe 30 Januari 2025, chanjo ya mduara ilianza tarehe 3 Februari, siku ya nne, na jaribio lilipewa jina ambalo mtu wa Kigoma halihitaji kutafsiriwa: Tokomeza.

Basi kwa Kigoma, yenye Kongo ng'ambo ya ziwa na Burundi kaskazini, kazi ni ipi wakati huu ambapo hakuna mlipuko? Utafiti wowote wa dawa kwa binadamu Tanzania unahitaji kibali cha maadili kutoka kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa) kwa dawa au chanjo yenyewe, na kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kama kuna mtafiti wa kigeni. Vikifuatwa kimoja baada ya kingine, miezi inapita. Vinaweza kupitiwa sambamba, na zaidi ya hapo andiko linaweza kupitishwa likiwa na nafasi tupu: jina la wilaya, tarehe, idadi ya dozi, jina la mganga mkuu wa mkoa aliyepo. Mlipuko ukija, kamati inakutana kujadili nafasi zile tu, ndani ya saa 48 au 72, badala ya kusoma kurasa 120 upya. Na andiko liwe moja na la Burundi, Kongo, Rwanda na Uganda, ili wagonjwa 9 wa hapa wajumlishwe na 14 wa pale. Bila hilo tunarudi kwenye ile hesabu ya 170 kwa kila kundi.

Majokofu nayo. Chanjo ya Ebola iliyosajiliwa inatunzwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, ikishayeyushwa inakaa wiki mbili tu kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Friji za kawaida za zahanati zinafaa kwa hatua ya pili, za kwanza hazipo ukivuka makao makuu ya mkoa. Kwa hiyo ratiba ya kuyeyusha inapangwa kwa ratiba ya boti: ukiyeyusha dozi 200 Jumatatu na ziwa likachafuka hadi Ijumaa, siku nne zimekwenda na hakuna aliyechanjwa.

Sasa ridhaa, ambako maneno mazuri ni mengi kuliko kazi. Fomu za kimataifa hufika zikiwa na kurasa 12 hadi 20, zimetafsiriwa Dar es Salaam kwa Kiswahili cha ofisini. Tatizo la kwanza ni neno "bahati nasibu" kwa maana ya kupanga makundi. Kwa msikilizaji wa Mwanga sokoni hiyo ni kamari, na mtu mzima hachezi kamari na homa ya mtoto wake. Eleza tendo lenyewe: "Kuna dawa mbili. Hatujui ipi bora. Ili daktari asipendelee mtu, kompyuta ndiyo inachagua, kama kurusha shilingi." La pili ni "jaribio". Kujaribiwa, kanisani na msikitini, ni jambo la Shetani au la mitihani ya Mungu. "Utafiti" ni salama zaidi, mradi useme wazi kwamba dawa bado haijathibitishwa, usije ukajificha nyuma ya neno laini. Mashambani wengi watakuelewa vizuri kwa Kiha, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kwa Wakongo wa Nyarugusu tafuta msomaji wa Kibembe, na usidhani Kiswahili chao ni hiki chetu.

La tatu ni damu. Hadithi ya mumiani haijafa pwani wala bara. Fomu inayosema "mililita 5" haimwambii mtu chochote, naye ataona mrija umejaa na kufikiria chupa. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Leta kijiko, mimina maji, mwonyeshe. Kisha mwambie damu inakwenda wapi, inapimwa nini, na itamwagwa lini. Kama itasafirishwa nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli kupitia NIMR, na mshiriki ana haki ya kukubali dawa huku akikataa damu yake ihifadhiwe kwa tafiti za baadaye. Hivyo ni visanduku viwili tofauti vya kuweka alama. Wakiviunganisha, ujue kuna mtu anataka damu zaidi kuliko ridhaa.

Baada ya maelezo, usiulize "umeelewa?" Kwa adabu yetu jibu ni ndiyo. Muulize akueleze yeye: Tunafanya nini hapa? Ukikataa utatibiwa? Nani anachagua dawa? Unaweza kutoka lini? Nini kibaya kinaweza kutokea? Akikosea mawili kati ya matano, rudia. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiyelipwa na utafiti. Ndani ya wodi ya Marburg au Ebola karatasi iliyoingia haitoki, hivyo fomu inasomwa kwa sauti, shahidi anasimama nje ya uzio, na ukurasa wenye alama unapigwa picha kwa simu iliyoko upande wa pili wa kioo. Mgonjwa asiyejitambua anaamuliwa na ndugu, na akizinduka anaulizwa upya. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi, kwa sababu mgonjwa aliyezinduka ni furaha na hakuna anayetaka kumletea makaratasi.

Anayeomba ridhaa asiwe daktari anayemtibu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mkono wa kwanza anaouona ataushika. Hali ni hiyo hiyo kwa wahudumu wa afya, ambao katika mlipuko wa Marburg Rwanda mwaka 2024 ndio walikuwa wengi wa wagonjwa na ndio waliochanjwa mwanzo. Muuguzi anayeombwa na bosi wake mwenyewe kujiunga hana uhuru mkubwa. Aombwe na mtu wa nje, na orodha ya waliokataa isifike ofisini.

Mashaka ya watu yana historia, na wanaoyaita ujinga hawajasoma kuhusu Kano. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ikiwaka kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwaingiza watoto 200 kwenye jaribio: 100 wakapewa dawa mpya ya trovafloxacin, 100 ceftriaxone, dawa iliyokwishazoeleka. Wazazi wengi walisema baadaye kwamba hawakuelezwa kuwa ni utafiti. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Katikati ya hapo, mwaka 2003, chanjo ya polio ilisimamishwa katika baadhi ya majimbo ya kaskazini, na jaribio lile la Kano lilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Kwa wakimbizi kuna ugumu wa ziada. Mtu wa Nyarugusu anapata mgao wa chakula kambini na hatoki bila kibali. Akiombwa kushiriki na mtu aliyeshuka kwenye gari la shirika linalogawa unga, ataunganisha mambo mawili hata kama hujayaunganisha wewe. Magari yatofautiane, siku zitofautiane na siku ya mgao, na malipo ya nauli yawe nauli kweli. Lakini kuwazuia wakimbizi wasishiriki kabisa "kwa kuwalinda" nako kuna gharama. Wajawazito walilindwa hivyo hivyo kwenye chanjo ya Ebola Kongo hadi mwaka 2019, na maana yake ilikuwa kwamba mjamzito aliyetangamana na mgonjwa alirudi nyumbani bila chochote.

Kufuatilia washiriki ndiko jaribio linakovujia. Andiko linasema siku ya 3, 14, 21 na 84. Wavuvi wa dagaa wa ziwani huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea hupumzika. Ukimchanja mvuvi wakati mwezi mpevu, siku ya 14 yake inaangukia gizani, naye yuko majini au kambi ya uvuvi isiyofikika kwa pikipiki. Atakuja kuandikwa "amepotea". Weka kalenda ya mwezi ukutani pembeni ya kalenda ya utafiti, na ruhusu siku mbili mbele na mbili nyuma. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua nani yuko wapi, ila walipwe kwa kazi hiyo.

Jambo la baada ya utafiti liandikwe kabla. mAb114 ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, Kongo, mwaka 1995. Leo ni dawa iliyosajiliwa Marekani, inauzwa na kampuni ya huko. Mkoa unaotoa washiriki uulize tangu mwanzo: ikifanya kazi, dozi ngapi zitabaki nchini, zitatunzwa wapi, nani atazilipia? Ahadi ya "upatikanaji wa haki" isiyo na tarakimu haijazi friji.

Na ukurasa wa mwisho wa fomu, ule wenye namba ya simu ya kupiga ukipata madhara. Mara nyingi ni ya ofisi ya mbali, saa 2 asubuhi hadi 10 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Homa kali huja saa 8 usiku. Karibu na mpaka simu hudaka mtandao wa Burundi, na salio linaisha kabla hujasalimia. Ziwekwe namba mbili za mitandao tofauti, za watu wanaolala Kigoma na wanaolipwa kupokea usiku, pamoja na jina la zahanati na la mhudumu wa kijiji. Ukurasa huo ukatwe, uwekwe kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa, kwa sababu utasafiri ndani ya boti.